Siku Niliyojifanya Mtani wa Waskoti

Mimi ndiye yule msichana aliyevaa kofia ya marehemu mbele ya mjane wake. Nalisema mapema, tena kwa mdomo wangu, kwa sababu habari zimeshafika mpaka kanisani kwetu na kila anayesimulia anatia chumvi yake, juzi mama mmoja wa kwaya akaniambia amesikia nilipanda juu ya jeneza. Jeneza halikuwepo, jamani. Kulikuwa na meza, na hiyo meza sikuipanda, niliiegemea tu, ikaanguka yenyewe. Sasa tulieni niwaeleze ilivyokuwa, mcheke, na mkishamaliza kucheka mnionee huruma kidogo, maana hata leo nikikumbuka nikiwa kazini (nafua mashuka katika hoteli moja karibu na uwanja wa ndege) huwa naingiza kichwa ndani ya mashine ya kukaushia nikijifanya natafuta soksi.

Chanzo ni jina. Mchumba wangu anaitwa Andre Galbraith, jina la Kiskoti kabisa, na Andre ni mweusi kama mimi, baba yake anatuzidi wote wawili, wametoka Jamaika wakahamia Malvern, mtaa mmoja wa mji huu huku Kanada, na siku ya kwanza aliponitajia hilo jina nilidhani kaazima kitambulisho cha mtu. Baba yake, Mzee Desmond, aliendesha mabasi ya mji mpaka akastaafu. Ni mgane, mtu wa maneno machache, anakula kimya halafu anakikunja kitambaa cha mezani kwa utaratibu kama anakunja bendera ya taifa. Tangu Andre anipeleke kwake hakuwahi kunitaja jina. Aliniita "binti", na si ile binti ya upendo, ilikuwa ile ya "wewe uliyekaa karibu na mlango". Na mimi, nani asiyenijua, nikiingia nyumba ya mtu nataka nipendwe mpaka na paka. Nilitaka yule mzee anikubali, nilitaka mno, nilikuwa naota ananiita kwa jina halafu naamka natabasamu, Shangazi Otilia anayelala chumba kimoja na mimi pale mtaa wa Dixon ananiuliza nimeota pilau.

Sasa kiangazi hiki Mzee akatangaza kwamba anakwenda kwenye mkusanyiko wa Waskoti. Kumbe kila mwaka wanakusanyika uwanjani, kila ukoo na hema lake, wanaume wazima wenye ndevu wamevaa sketi za mirabamraba, wanapiga mazumari yenye mfuko na kurusha magogo (sitanii, magogo, mti mzima, kwa furaha tu). Mzee alipita kando ya uwanja huo na basi lake miaka yote ya kazi, akaona jina lake limeandikwa juu ya hema, na hakuwahi kushuka. Mwaka huu anashuka. Andre alikuwa amsindikize, ghala analofanyia kazi likampangia zamu, nami mdomo wangu ukajibu kabla sijauuliza: "Mimi nitaenda naye."

Hapo bado hapakuwa na kosa. Kosa ni uamuzi mmoja mdogo, kwamba nisiende mbumbumbu, nisome kwanza habari za hilo jina ili nimfurahishe Mzee. Mimi shule niliishia kidato cha nne, tena kwa kusukumwa, lakini nikipenda kitu nakisoma mpaka simu inachemka. Nikasoma kwenye basi, nikasoma nikipanga mataulo. Nikajua kwamba Galbraith, kwa lugha yao ya kale, maana yake ni mgeni, yaani Mbritania aliye mgeni kati ya watu wengine, jina walilopachikwa na majirani. Wakakaa karibu na ziwa moja kubwa, wakaenea visiwani, wakavuka kwenda Ayalandi (chifu wao mmoja alikimbilia huko mambo yalipomharibikia, na tangu hapo ukoo hauna chifu), wakafika Amerika, wakafika visiwa vya miwa, wakafika hapa Kanada. Ngao yao ina vichwa vya dubu waliofungwa midomo. Ningekuwa na akili ningeielewa ile ngao kama onyo.

Nikasoma pia kwamba zamani walipigana na koo za jirani, wakaibiana ng'ombe. Jioni nikamsimulia Shangazi akiwa anamenya viazi.

"Hawa wakwe zangu waliibiana ng'ombe na majirani, Shangazi, wakachinjana."

"Lini? Wiki hii?"

"Zamani, enzi za mapanga."

"Na sasa wanaishije?"

"Sasa wanaweka mahema jirani wanakunywa chai."

Shangazi akaweka kisu chini. "Basi hao ni watani, mwanangu. Kama sisi na Wahehe. Damu ikishakauka kinachobaki ni utani. Nenda ukijua hilo, usije ukatuaibisha."

Kwa wasiotoka kwetu: sisi ni Wangoni wa Songea, tulipigana na Wahehe mpaka tukachoka, na tulipochoka tukawa watani, maana yake Mhehe anaweza kuingia kwangu akala mboga yangu akaniita mwizi nami sina ruhusa ya kununa. Na mahali utani unapofanya kazi yake hasa ni msibani. Babu yangu alipofariki, Bibi aliganda. Hakulia, hakula, alikaa tu kama mtu aliyesahau alikuwa anangoja nini. Tukafika makaburini, Mhehe mmoja mnene akatangulia kaburini, akalala chali, akasema haondoki mpaka apewe jogoo, maana yule mzee alikuwa mchoyo na sasa ndiyo nafasi ya mwisho ya kumkamua. Watu wakamvuta miguu, yeye ameng'ang'ania udongo. Bibi akacheka. Akacheka mpaka akalia, akalia mpaka akaomba uji. Mimi nilikuwa mdogo, lakini hilo sijalisahau, kwamba mtu mmoja asiye na haya alimrudisha Bibi yangu duniani.

Basi siku ikafika. Mzee alinipitia na gari lake, kavaa koti na tai ya mirabamraba ya rangi za ukoo, aliyoiagiza kwa posta, na joto lile la Julai. Njiani nikajipa moyo.

"Mzee, unajua jina lako maana yake nini?"

"Najua lilikotoka," akasema, macho barabarani. "Mwenye shamba la miwa alikuwa Galbraith. Babu wa babu yangu alikuwa mali yake. Ng'ombe hupigwa chapa, sisi tulipigwa jina."

Nikamgeukia. "Sasa mbona tunakwenda?"

"Tumekaa nalo muda mrefu kuliko alivyokaa nalo yeye. Walitupa jina bila kutuuliza, na mimi nakwenda bila kuulizwa. Nataka kuona watafanya uso gani."

Nikamwambia maana yake ni mgeni, jina walilopachikwa na majirani zao. Akapunguza mwendo, nikadhani nimeharibu.

"Majirani waliwaita wageni," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Hm." (Hiyo hm yake, wenzangu, ilikuwa ndefu na tamu kuliko mazungumzo yote tuliyowahi kuwa nayo. Nikajua leo ndiyo leo.)

Hema la akina Galbraith lilisimamiwa na Bi Maureen, mama mnene mwenye nywele nyeupe na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Akatuangalia, akatabasamu. "Karibuni. Mmekuja kutembea?"

Mzee akajinyoosha. "Jina langu ni Desmond Galbraith."

Uso alioufanya Bi Maureen ulikuwa wa heshima, siwezi kumsingizia. Alimpa mkono, akampa chai na biskuti, akamtafutia kiti, ila kiti chenyewe kiliangukia pembeni, nusu kivulini nusu juani, karibu na sanduku la barafu, na wazee wengine wakasema karibu kisha wakarudi kwenye habari zao za mashua. Ukutani kulikuwa na ramani kubwa yenye vipini kuonyesha jina lilikoenea, vipini Ayalandi, vipini Amerika, vipini Australia mpaka vinapandana. Mzee akaikazia macho muda mrefu, halafu akaonyesha kwa kidole.

"Jamaika mmeisahau."

Bwana mmoja akapapasa kikopo. "Vipini vimetuishia," akasema, na nadhani vilikuwa vimeisha kweli, lakini Mzee alirudi kwenye kiti chake akakaa wima na tai yake, chai inapoa, nami roho ikaniuma kama niliyebana kidole mlangoni. Nikasema moyoni, mtu huyu leo lazima apate ukoo, hata kama ni mimi nitakayemtafutia.

Gesi ya hema letu ikaisha. Bi Maureen akanipa birika, akaniomba nikachote maji ya moto kwa jirani. Jirani wenyewe ni wale wale wa ng'ombe (siwataji, aibu hii inatosha kubebwa na ukoo mmoja). Nikaenda naimba.

Nikakuta watu wamesimama kimya. Katikati kuna meza yenye kitambaa, picha ya mzee mmoja mwenye masharubu, kofia yake yenye shungi jekundu juu, na fimbo. Mpiga zumari kajaza upepo anangoja. Kijana mmoja mwenye sketi, sura yake ni ile ile ya pichani, kashika maiki na karatasi. Na kwenye kiti cha plastiki kakaa bibi mmoja, macho makavu, mikono mapajani. Nilimtambua. Simjui, lakini nilimtambua, kaganda vile vile kama Bibi yangu.

Jamani, akili yangu ikafanya hesabu zake haraka: msiba uko hapa, watani wao ni sisi, na sisi tumekaa pale tunakunywa chai, hakuna hata mmoja aliyekuja. Nikaona aibu kwa niaba ya akina Galbraith wote duniani. Nikaliweka birika chini.

Nikaichukua kofia nikaivaa, ikashuka mpaka puani. Nikaichukua fimbo, nikaanza kuchechemea kuizunguka meza kama mzee mwenye gauti. Nikafika kwenye maiki, yule kijana alishangaa mno hata akaniachia, nikasema kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, sauti ikaenea uwanja mzima: "Mwizi wa ng'ombe amekufa. Sisi Galbraith tumefurahi sana. Kofia hii hamtaiona tena mpaka mtupe kuku." Halafu nikaegemea meza nianze kilio cha utani, kile cha uongo, "Uwii, nani atatuibia sasa", na meza ikaenda, na mikate midogo ya siagi waliyoipanga nyuma ya picha ikabingirika majanini mmoja mmoja bila haraka.

Mpiga zumari akauachia mfuko. Ulitoa mlio kama wa mbuzi aliyekata tamaa.

"Wewe ni nani?" kijana akaniuliza.

Na hapa ndipo ningeokoka, ningesema samahani nikakimbia. Lakini kwetu mfiwa naye hujifanya amekasirika, ndio utamu wenyewe, nikamwona huyu anaigiza vizuri sana, nikamwongezea. "Hata mtoto wake ni mwizi," nikawaambia watu. "Mwangalieni magoti. Hayo ni magoti ya kukimbia na ndama."

Ndipo nikaona mdomo wake unatetemeka. Mtani hatetemeki mdomo. Nikatazama watu, hakuna aliyeziba kicheko kwa kanga, hakuna aliyenivuta mguu, kuna mama mmoja kamfunika mtoto masikio.  Nikaelewa kwamba katika uwanja ule mzima, mtu pekee aliyejua kuwa tunataniana nilikuwa mimi.

Kijana hakunigusa. Alisema tu, "Twende," akatangulia, nami nikafuata, na nyuma yetu nusu ya uwanja, wenye sketi na wenye suruali, mpaka mbele ya hema letu. Kofia nilikuwa bado nimeivaa, niliisahau.

"Huyu ni wa kwenu?" akauliza.

 Mimi nikamtafuta Mzee Desmond, na mioyo yenu ingevunjika mngeuona uso wake. Miaka yote ile alipita na basi, leo kashuka, na huyu hapa aliyekuja naye kavaa kofia ya maiti ya watu. Angeweza kutazama kikombe chake. Hakuna aliyejua kwa hakika kwamba tumekuja pamoja, na mimi, wallahi, nilikuwa naomba anikane, nilitaka nikanwe, nipite uzio nirudi Dixon kwa miguu.

Akaweka kikombe chini. Akasimama, akafunga kifungo cha koti.

"Ni wangu," akasema. "Ni mkwe wangu. Anaitwa Gaudensia."

Alilitamka lote, halikumkwama popote.

"Na wewe ni nani?"

"Desmond Galbraith."

Kijana akageuka kumtazama Bi Maureen, kama anayeuliza hiyo ni kweli, au ni sehemu nyingine ya mchezo. Nikaona wazee wa mashua nao wamemgeukia Bi Maureen. Yeye alikuwa na kisu cha keki mkononi. Akakifuta taratibu kwenye aproni.

"Umemsikia," akasema. "Wote wawili ni wa kwetu, na aibu ni yetu. Taja faini."

Mzee akaniambia, "Haya, eleza." Nikaeleza. Nikaeleza Wangoni, nikaeleza Wahehe, nikaeleza jogoo na kaburi, Kiingereza kikaisha nikamalizia kwa mikono, machozi yananidondokea kwenye shungi maana kofia nilikuwa nimeshaivua nimeikumbatia. Kijana akasikiliza mpaka mwisho.

"Sisi hatuna kitu kama hicho," akasema.

Na alikuwa na haki. Akachukua kofia ya baba yake akaondoka nayo kwa mikono miwili. Mpaka jua linazama hakunitazama tena, na simlaumu.

Faini ikawa kuosha vyombo vya hema lao, vikombe vyote na masinia. Nikaenda na beseni, na nilipogeuka nikamwona Bi Maureen nyuma yangu na taulo, na Mzee Desmond kavua koti, kakunja mikono ya shati, tai kaitupia begani, na nyuma yao yule bwana wa vipini kabeba ndoo. Tukajipanga. Mimi naosha, Mzee anasuuza, Bi Maureen anakausha na kumuuliza Mzee huko kwao Jamaika akina Galbraith ni wengi kiasi gani, Mzee anamjibu kwamba kijijini kwa mama yake ukirusha jiwe unampiga mmoja, na atakayekurudishia hilo jiwe naye ni Galbraith. Sikuwahi kumsikia akisema sentensi ndefu vile.

Ndipo akaja yule mjane. Nikaacha sufuria. Akasimama karibu yangu, mdogo, ananukia sabuni ya mawaridi.

"Hakuwa anachechemea," akasema.

"Samahani sana, mama."

"Fimbo ilikuwa ya kuwanyooshea watu waliopaki vibaya. Miguu yake ilikuwa mizima. Alitembea kama bata." Akatazama nyuma kuhakikisha mwanawe hayupo, akashika sketi yake, akatembea hatua chache kama bata, tumbo mbele, vidole nje, kidevu juu. Kisha akashika ukingo wa meza ya vyombo na mabega yakaanza kumtikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Bi Maureen akamkumbatia na taulo lililolowa. Mimi niliendelea kuosha, kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa nimejua kunyamaza.

Tukarudi Mzee na mimi. Nikajisemea, alinitetea mbele za watu, sasa tuko wawili, nitasomewa makosa yangu. Tukasimama kwenye taa nyekundu.

"Magoti," akasema Mzee Desmond.

"Nisamehe, Mzee."

"Ya kukimbia na ndama." Akaegemeza paji la uso kwenye usukani, taa ikageuka kijani, gari za nyuma zikapiga honi, na dereva mstaafu wa mabasi ya mji huu hakuweza kuondoa gari kwa kicheko.

Kwa hiyo mimi nimeapa, na kiapo chenyewe nimekiapa mbele ya Shangazi (ambaye anasema yeye alisema niende nikijua, hakusema niguse vitu vya watu): nikifika kwenye msiba nisioujua, mikono yangu nitaikalia. Nitasema pole, nitakula nikipewa, nitaondoka. Na ninyi mnaopenda kuchangamsha watu kama mimi, kabla hujamtania mtu hakikisha naye ana habari kwamba ninyi ni watani. Ukishindwa kuhakikisha, basi angalau uwe umefuatana na mtu ambaye, ukiulizwa ni wa nani, hatatazama kikombe chake.